Somo la Kumi na Mbili: Maji ya Mvua Huenda Wapi?

Bila shaka umepata kuwa ndani ya nyumba yenye paa la bati wakati mvua kubwa inaponyesha. Kelele ya mvua huwa kubwa hata watu wakizungumza hawasikilizani. Baada ya muda mvua hukatika. Ukitoka nje unaona maji kila mahali: katika mifereji, njiani, na katika madimbwi. Kesho yake maji mengi yametoweka. Yamekwenda wapi?

Katika somo hili utalitafuta jibu la swali hilo kwa mikono yako mwenyewe. Hutahitaji vifaa vya maabara. Makopo, chupa, madumu matupu, beseni, rula na udongo wa shuleni kwenu vinatosha. Mifano iliyotolewa hapa ni ya pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, kama vile Mbagala, Yombo, Tegeta, Kunduchi na Bunju. Ikiwa shule yenu iko Tabora au Songea, fanya majaribio yaleyale, kisha linganisha udongo na mvua ya kwenu na ile ya pwani.

Kwanza tukumbushane majira. Katika pwani ya Tanzania mvua hunyesha zaidi mara mbili kwa mwaka. Mvua za vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba, na mvua za masika hunyesha kati ya Machi na Mei. Wavuvi wa Kunduchi hawahitaji kalenda ili kujua majira. Wao huutazama upepo. Upepo wa kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na upepo wa kusi huvuma kuanzia Aprili au Mei hadi Oktoba hivi. Masika huja wakati kaskazi inapoishiwa nguvu na kusi inapoanza. Jaribio la kwanza, basi, lifanyeni katika mwezi wa mvua. Majaribio mengine mnaweza kuyafanya wakati wowote, kwa sababu maji yake yatatoka katika ndoo.

JARIBIO LA 1: KUPIMA MVUA

Watu husema, "Jana mvua ilikuwa kubwa." Mwingine hujibu, "Haikuwa kubwa kama ya juzi." Nani anasema kweli? Hatuwezi kujua mpaka tumeipima.

Tafuta kopo ambalo upana wake ni sawasawa juu na chini, kama kopo kubwa la maziwa ya unga. Mwombe mwalimu aukate mfuniko wake vizuri, asiache makali. Chimba shimo dogo mahali pa wazi, ulisimamishe kopo ndani yake ili lisiangushwe na upepo wala mbuzi, lakini mdomo wa kopo uwe juu ya ardhi kwa sentimeta 20 au 30. Kopo likiwa chini sana, matone yanayogonga ardhi yatarukia ndani, nawe utapima mvua ambayo haikunyesha.

Mahali pa wazi ni wapi? Tuseme karibu na kopo kuna mwembe wenye urefu wa meta 6. Kopo lako na liwe mbali na mwembe huo kwa meta 12 au zaidi. Fanya hivyo pia kwa nyumba na kuta. Kosa linalofanywa mara nyingi na wanafunzi ni kuweka kopo chini ya mti, au chini ya ukingo wa paa, ili lijae upesi. Kopo hujaa kweli, lakini yale ni maji ya paa zima, siyo mvua.

Kila siku saa 3 asubuhi mwanafunzi wa zamu aende kupima. Hiyo ndiyo saa inayotumika pia katika vituo vya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kupima mvua ya saa 24 zilizopita. Simamisha rula wima ndani ya kopo, usome kina cha maji kwa milimeta. Jihadhari: rula nyingi hazianzi na sifuri kwenye ncha yake. Kuna kipande kidogo kisicho na alama. Kipime kipande hicho, kisha ukijumlishe katika kila kipimo. Baada ya kusoma, mwaga maji na ulirudishe kopo mahali pake. Ikiwa mvua haikunyesha, andika 0. Usiache nafasi wazi katika daftari, maana mtu atakayesoma baadaye hatajua kama mvua haikunyesha au kama wewe hukwenda kupima.

Sasa chukua kopo la pili lililo sawa na la kwanza. Tia maji yenye kina cha milimeta 20, uliweke juani pasipo mvua kuanzia asubuhi hadi jioni. Pima tena. Maji yamepungua, ingawa kopo halivuji. Yaliyopungua yamegeuka mvuke na kurudi hewani. Hiyo ndiyo njia ya kwanza ya maji ya mvua, nayo ndiyo sababu ya kupima kila asubuhi bila kuchelewa: jua nalo hunywa katika kopo lako.

Katika mwaka mzima mvua ya Dar es Salaam huwa kiasi cha milimeta 1,100. Kipimo hiki kina maana gani? Fikiri juu ya sakafu yenye urefu wa meta 1 na upana wa meta 1, iliyozungushiwa ukingo mdogo. Mvua ya milimeta 1 ikinyesha juu ya sakafu hiyo, maji yake yatakuwa lita 1 kamili. Hakikisha mwenyewe kwa hesabu: sentimeta 100 mara sentimeta 100 mara sehemu 1 ya kumi ya sentimeta ni sentimeta 1,000 za ujazo, nazo ni lita 1.

Kwa kanuni hiyo tunaweza kupima maji ya paa lolote. Tuseme paa la nyumba linafunika eneo lenye urefu wa meta 8 na upana wa meta 5. Eneo hilo ni meta 40 za mraba. Mvua ya milimeta 20 ikinyesha, paa hilo litapokea lita 800. Hizo ni ndoo 40 za lita 20! Katika mitaa ambayo mama na watoto hupanga foleni bombani, ndoo 40 zimepita juu ya vichwa vyao zikaenda mtaroni. Hapo utaona kwa nini mfereji wa bati na pipa ni vitu vya thamani.

Lakini maji hayohayo yana upande wa pili. Tarehe 20 Desemba, 2011, mvua kubwa ilinyesha Dar es Salaam. Katika siku moja zilipimwa zaidi ya milimeta 150. Mvua kubwa namna hiyo ilikuwa haijaonekana jijini tangu mwaka 1954. Mito ilifurika, barabara na madaraja yakaharibika, watu wapatao 40 wakafa, na maelfu wakakosa makazi. Baadhi ya familia zilizokuwa zikiishi katika bonde la Mto Msimbazi zilipewa viwanja Mabwepande, katika Wilaya ya Kinondoni, mbali na bonde hilo.

Lirudie paa letu la meta 40 za mraba. Katika siku ile ya milimeta 150 paa kama hilo lilimwaga lita 6,000, yaani ndoo 300. Sasa hesabu mapaa ya mtaa wenu. Hesabu na barabara ya lami, na uwanja wa saruji. Maji yote hayo yalitafuta mahali pa kwenda.

JARIBIO LA 2: ARDHI HUNYWA MAJI KIASI GANI?

Hili ndilo jaribio kubwa la somo hili. Msilifanye kwa haraka. Ikiwezekana, mwombeni mwalimu vipindi viwili vinavyofuatana.

Tafuta kopo kubwa lisilo na kitako wala mfuniko, likiwa wazi pande zote mbili. Mwalimu alainishe kingo zake kwa tupa au kwa jiwe ili zisikate vidole. Chukua pia chupa ya nusu lita, maji ndoo moja, na saa yenye mshale wa sekunde.

Lisimamishe kopo juu ya ardhi, uweke kipande cha ubao juu yake, ugonge polepole kwa jiwe mpaka kopo liingie ardhini sentimeta 3 hivi. Mimina nusu lita ya maji ndani ya kopo. Mwenzako aanze kuhesabu wakati. Maji yote yakishazama, andika dakika na sekunde zilizopita. Kisha, bila kuling'oa kopo, mimina nusu lita nyingine na upime tena.

Fanyeni jaribio hili mahali panne: chini ya mti penye majani yaliyoanguka, katika bustani iliyolimwa, katikati ya kiwanja cha mpira, na katika uwanja wa mstari, pale mnaposimama kila asubuhi. Mahali pengine ardhi itakuwa ngumu, na kopo halitaingia. Msikate tamaa. Zungushieni kopo udongo wa mfinyanzi uliokandwa ili maji yasivuje pembeni.

Andika matokeo katika daftari kwa safu tatu: mahali, wakati wa nusu lita ya kwanza, wakati wa nusu lita ya pili.

Kabla ya kuanza, kila mwanafunzi akisie mahali ambapo maji yatazama upesi kuliko pengine pote, na aandike sababu yake. Wengi hudhani kwamba pwani ni mchanga, na mchanga hunywa maji upesi, kwa hiyo hapatakuwa na tofauti. Jaribio litaonyesha kama wamekisia vema. Udongo wa uwanja wa mstari na udongo wa chini ya mwembe huenda ni mmoja, lakini uwanja umekanyagwa na mamia ya miguu kwa miaka mingi. Chembe za udongo zimeshikana, na vinafasi vilivyokuwa kati yake vimezibika. Chini ya mti, mizizi, mchwa na nyungunyungu vimetoboa njia ndogondogo, na majani makavu yanaikinga ardhi isipigwe na matone.

Tazama pia nyua za nyumba zetu. Ua unaofagiliwa kila asubuhi hupendeza, na nyoka hana pa kujificha. Hata hivyo, ufagio huondoa majani na vumbi laini la juu, na ardhi iliyobaki huwa ngumu kama sakafu. Jaribuni kopo lenu katika ua kama huo mkipata ruhusa ya wenyewe. Si vibaya kufagia ua. Lakini majani yaliyo chini ya miti yanaweza kuachwa palepale bila hasara kwa mtu yeyote.

Sasa itazame safu ya tatu. Je, nusu lita ya pili ilizama upesi kama ile ya kwanza? Mara nyingi huchelewa. Ardhi iliyokwisha kunywa haina nafasi ya kutosha kwa maji mengine. Kwa sababu hiyo mvua ya siku ya kwanza ya masika huweza kumezwa yote, na mvua ileile ikinyesha baada ya wiki tatu za masika, maji hukimbia juu ya ardhi. Angalia tena tarehe ya mafuriko ya mwaka 2011. Mvua ile ilinyesha mwanzoni mwa majira gani, au mwishoni mwa majira gani?

UDONGO NDANI YA CHUPA

Jaribio hili ni fupi. Chukua chupa inayoonyesha ndani. Tia udongo hadi robo ya chupa, ongeza maji mpaka karibu ijae, ifunge, uitikise kwa dakika 2. Iweke mezani, usiiguse hadi kesho. Mchanga utatua kwanza, katika dakika ya kwanza. Tope laini litafuata. Chembe za mfinyanzi ni ndogo sana, na maji yanaweza kubaki na ukungu hata siku ya pili. Vipande vya majani vitaelea.

Pima kwa rula unene wa kila tabaka. Udongo wenye mchanga mwingi ni kichanga. Wenye mfinyanzi mwingi hushikamana na huteleza ukilowa. Uliochanganyika vizuri, pamoja na mboji, ni tifutifu. Linganisha udongo wa kilimani na udongo wa bondeni. Je, unafanana?

Ikiwa shule yenu iko Kunduchi, Boko au karibu na Wazo, tafuteni pia kipande kikavu cha jiwe la matumbawe, lile linalojengewa kuta. Litumbukize katika beseni la maji. Mapovu madogo yatapanda juu. Ni hewa inayotoka katika matundu ya jiwe huku maji yakiingia. Hata jiwe, basi, laweza kunywa maji.

JARIBIO LA 3: MAJI YAKIMBIAPO MTEREMKONI

Maji yasiyozama hukimbia. Hayakimbii peke yake.

Chukua madumu matatu ya plastiki ya lita 5. Yalaze, na mwalimu akate tundu kubwa katika upande wa juu wa kila dumu, akiacha mdomo mzima. Yajaze udongo wa aina moja hadi chini kidogo ya mdomo. Dumu la kwanza liache na udongo mtupu. Juu ya udongo wa dumu la pili tandaza majani makavu. Katika dumu la tatu panda ukoka au mbegu za mtama, umwagilie kwa wiki tatu mpaka mizizi ishike. Jaribio hili linahitaji kutayarishwa mapema, kwa hiyo pandeni leo.

Siku ya jaribio, yapange madumu juu ya benchi, nyuma yameinuliwa kwa matofali ili yateremkie upande wa mdomo. Chini ya kila mdomo weka bilauri au chupa iliyokatwa. Toboa kopo kwa msumari matundu mengi madogo, ulitumie kunyeshea lita 1 ya maji juu ya kila dumu, kutoka urefu uleule na kwa mwendo uleule.

Yatazame maji katika bilauri tatu. Rangi zake zinafanana? Bilauri ipi ina maji mengi kuliko nyingine? Acha maji yatulie hadi kesho, kisha pima tope lililotua chini.

Hayo uliyoyaona katika bilauri ya kwanza hutokea kila masika katika vilima vya pembezoni mwa jiji. Mahali palipokatwa miti na majani, maji huchukua udongo wa juu, ambao ndio wenye rutuba. Huo ndio mmomonyoko wa udongo. Udongo huo hujaza mitaro, na mtaro uliojaa mchanga na mifuko ya plastiki hauwezi kupitisha maji. Maji hupanda barabarani, halafu huingia nyumbani.

Tuufuate Mto Msimbazi. Mto huu huanzia katika vilima vya Pugu, hupita maeneo ya Vingunguti, Kigogo na Jangwani, na kuingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Katika Wilaya ya Temeke, Mto Kizinga hupita Mbagala na Mtoni, ukaingia katika hori ya bandari. Upande wa Kinondoni, Mto Mbezi na Mto Tegeta huenda moja kwa moja baharini. Jambo moja lazima lieleweke vizuri na kila mtoto anayekaa karibu na mito hii: mvua inaweza kunyesha Pugu huku jua likiwaka Jangwani. Maji ya kilimani huchukua muda kufika bondeni. Kwa hiyo mto unaweza kupanda ghafla mahali pasipo na mvua hata tone moja.

Usivuke mto au mtaro uliofurika, hata kama jana ulivuka palepale na maji yalikuwa kifundoni. Maji yaendayo kwa kasi, yakifika magotini tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Zaidi ya hayo, maji ya mafuriko ni ya matope, nawe huwezi kuona shimo lililo chini yake. Ngoja. Afadhali uchelewe shule, mwalimu atakuelewa.

Mchanga unaochukuliwa na mito hufika baharini, na mawimbi huutandaza ufukweni. Kwa miaka mingi watu wamechimba mchanga wa kujengea katika mito ya Kinondoni kama vile Tegeta na Mbezi. Mchanga uliopakiwa katika lori haufiki ufukweni, na bahari haikomi kuchukua wake. Hiyo ni sababu mojawapo ya bahari kula ardhi pale Kunduchi, ambako kuta za mawe zimejengwa ili kuyapunguza makali ya mawimbi. Mchimbaji wa mchanga anatafuta riziki, na mjenzi anahitaji nyumba. Jadilini darasani: mchanga utoke wapi?

JARIBIO LA 4: KISIMA NDANI YA BESENI

Sasa tuyafuate maji yaliyozama. Hatuyaoni tena, lakini hayakupotea. Hushuka mpaka yafike mahali ambapo vinafasi vyote vya udongo vimejaa maji. Ukichimba hadi hapo umepata kisima. Katika mitaa mingi ya Temeke na Kinondoni watu hutumia maji ya visima, hasa bomba lisipotoa maji.

Jaza beseni kubwa mchanga safi hadi karibu na ukingo. Upande mmoja chimba shimo kwa kijiko mpaka karibu na kitako, uzungushie kopo dogo lililotobolewa pande zote ili mchanga usiporomoke. Hicho ni kisima. Mimina maji polepole juu ya mchanga mpaka uyaone ndani ya kisima. Sasa chimba shimo fupi umbali wa sentimeta 10 kutoka kisimani. Hilo ni shimo la choo. Tia humo kijiko kimoja cha wino. Kisha nyeshea mvua kidogokidogo upande wa choo, na wakati huohuo mwenzako ateke maji kisimani kwa kijiko na kuyaweka katika bilauri nyeupe, moja baada ya nyingine. Hesabuni vijiko. Rangi inaonekana katika kijiko cha ngapi?

Rudieni jaribio, choo kikiwa sentimeta 25 kutoka kisimani. Halafu rudieni mara ya tatu kwa mchanga uliochanganywa na mfinyanzi.

Wino unaonekana kwa macho. Vijidudu havionekani, na maji yanayovibeba yanaweza kuwa meupe na yasiyo na harufu wala ladha mbaya. Mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kisha kikaenea katika mikoa mingi ya Tanzania. Ugonjwa huu huletwa na vijidudu vinavyotoka katika kinyesi cha mgonjwa na kuingia katika maji au chakula. Ndiyo maana wataalamu wa afya hushauri choo kiwe mbali na kisima kwa umbali usiopungua meta 30. Katika mitaa yenye viwanja vidogo umbali huo haupatikani kwa urahisi, na si kosa la anayekaa hapo. Familia kama hiyo ichemshe maji ya kunywa mpaka yatokote, au itumie dawa ya kutibu maji kama ilivyoelekezwa. Mafuriko yakipita juu ya kisima, maji ya kisima hicho yasinywewe bila kuchemshwa, hata kama yalikuwa mazuri miaka yote.

Mkimaliza, mwageni mchanga wenye wino mbali na bustani, mnawe mikono kwa sabuni.

DAFTARI LA MVUA LA DARASA

Darasa lenu liwe na daftari moja la mvua, litakalorithiwa na Darasa la Tano la mwaka ujao. Katika kila ukurasa andikeni tarehe, mvua kwa milimeta, upande ambao upepo unatoka, na hali ya anga. Siku ya mvua kubwa, mtu mmoja aende na mwalimu kuutazama mtaro ulio karibu na shule, akiwa amesimama mbali na ukingo, aandike maji yalifika wapi. Mnaweza kupiga mistari ya rangi ukutani mwa shule ili kuonyesha kina.

Sikilizeni pia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa redioni, muandike kando ya kipimo chenu utabiri ulisema nini. Msishangae vipimo vyenu vikitofautiana na vya kituo. Mvua ya pwani huchagua. Inaweza kunyesha Tegeta na kuacha Mbagala pakavu, siku ileile na saa ileile. Ikiwa mnafahamiana na shule nyingine, badilishaneni vipimo kila mwisho wa mwezi.

MASWALI

1. Kwa nini kipimamvua hakiwekwi chini ya mti wala chini ya ukingo wa paa?

2. Paa la darasa linafunika eneo lenye urefu wa meta 9 na upana wa meta 7. Mvua ya milimeta 12 imenyesha. Paa limepokea lita ngapi? Zingejaza ndoo ngapi za lita 20?

3. Mwanafunzi mmoja alipima mvua saa 10 jioni badala ya saa 3 asubuhi, baada ya jua kali la mchana. Kipimo chake kitakuwa kikubwa au kidogo kuliko ilivyopaswa? Eleza.

4. Katika Jaribio la 2, ni mahali gani katika shule yenu maji yalichelewa kuzama kuliko pengine pote? Ni kitu gani kinachoweza kufanywa mahali hapo kabla ya masika?

5. Rafiki yako anakaa karibu na Mto Msimbazi. Anasema, "Leo hakuna mvua, kwa hiyo nitavuka mtoni." Utamjibu nini?

6. Chora ramani ya shule yenu. Onyesha kwa mishale maji yanaingilia wapi, yanapita wapi, na yanatokea wapi. Kisha fuata njia hiyo kwa miguu pamoja na mwalimu, siku isiyo ya mvua, mpaka mfike kwenye mtaro, mto au bahari. Mtaro huo unapita karibu na nyumba za nani?